Aliyechinja Mbuzi wa Paa

Tulimwacha Bi Kuluthum mlangoni pa nyumba yake mpya, sinia la wali kichwani, akiitazama kufuli ambayo hakuinunua yeye.

Kufuli kubwa, nyeusi, ya chuma cha Kizungu. Na kando yake shemeji yake Alamin, mdogo wa marehemu mumewe, ameegemea ukuta na koti lake la Nairobi begani, anachokoa meno.

"Unatafuta nani?" Alamin akauliza.

"Natafuta mlango wangu."

"Huu ni mlango wangu. Wako uko kule kwenye udongo."

Msomaji wangu, kama una moyo mwepesi liweke gazeti chini, unywe chai kwanza. Leo hapa Bondeni hakuna mtu atakayemwambia mwenzake neno jema.

Kwa aliyekuwa safarini juma lililopita, habari ni fupi. Wakubwa wa mji wa Nakuru wamesema nyumba zote za udongo za Bondeni zitavunjwa. Mwenye nyumba ya mawe, iliyokwisha ezekwa, ataandikwa jina na kubaki kwenye kiwanja chake. Wengine watapakiwa kwenye lori pamoja na mabati yao mabovu, wakashushwe watakakoshushwa. Bi Kuluthum, mjane muuza vitumbua, alisikia neno hilo akajifunga kibwebwe. Akajenga. Vyumba sita, ukumbi katikati, na mbele baraza la mawe la kukalia jioni, maana mama yake alikuwa nalo na nyanya yake alikuwa nalo. Ikawa nyumba ya kwanza ya mawe Bondeni nzima.

Kisha akafanya ujinga.

Hapa Bondeni hatuandikiani karatasi. Siku bati la mwisho linapopigiliwa, mwenye nyumba huchinja mbuzi kizingitini, na mafundi kule juu hugonga mabati kwa nyundo wakilitaja jina lake mtaa mzima usikie. Huyo ndiye mwenyewe, na hakuna anayeuliza tena. Wanawake wetu hawashiki kisu, kwa hiyo mjane humpa mwanamume amchinjie. Bi Kuluthum angeweza kumpa Gelle mwenye bucha, jirani yake wa miaka yote. Hakumpa. Alimpa Alamin, mtu ambaye tangu siku ya mazishi hawakuwa wamesemezana ila habari za fundi na saruji, kwa sababu alitaka wapatane. Na mafundi, ambao hawakuambiwa walitaje jina la mjane, wakagonga mabati na kuita, "Alamin! Alamin!"

Wasomaji wawili wamenisimamisha sokoni kunigombeza kana kwamba kisu nilimpa mimi. Hata mimi nimemkasirikia mama huyu. Lakini yamekwisha kuwa.

Bi Kuluthum akaliweka sinia chini.

"Alamin, fungua."

"Sifungui."

"Nilikupa kisu kwa heshima ya kaka yako."

"Ulinipa mbele ya watu. Sasa waulize hao watu waliona nini."

Watu walikuwa wamekwisha jaa. Ugomvi wa ndugu huwatoa watu jikoni haraka kuliko moto. Mbele yao alisimama Khadijo, mke wa Gelle, mwanamke wa Kisomali mwenye ulimi ambao hata askari wa kanju, wale wa manispaa, huukwepa.

"Sisi tuliona mwizi ameshika kisu," Khadijo akasema. "Hatukujua ataiba nyumba. Tulifikiri ataiba nyama."

Watu wakacheka. Alamin hakucheka. Akapanda juu ya baraza ili awe mrefu kuliko wao wote.

"Chekeni! Nyinyi mnacheka na mji unawapita. Nendeni Nairobi mkaone. Kila upande wa reli ni msingi. Zamani walikuwa wanajenga chumba cha kitanda kimoja, mtu anaacha bibi yake kijijini, reserve. Hiyo imekwisha. Sasa wanajenga nyumba ya mtu na bibi na watoto, jiko ndani, bomba nje. Kisumu wanapima viwanja kila juma. Thika viwanda vinakuja, wafanyakazi watalala wapi? Eldoret saruji haipatikani, imenunuliwa yote. Ni Nakuru tu tumebaki nyuma, tunakandika matope. Lakini miaka mitano kutoka leo, hapa mliposimama hamtaona udongo hata wa kupanda kitunguu. Nyumba zote mawe. Na mimi ndiye nitajenga."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililomtia kiburi. Alamin alikuwa amepewa kazi na wakubwa wa mji, kontrakta wa kwanza kutoka Bondeni, ajenge mtaa mpya upande wa barabara ya Nairobi. Nyumba safu kwa safu. Mtu aliyekuwa akiuza misumari sokoni sasa alikuwa akipeana mkono na Wazungu.

"Na watu je?" Khadijo akauliza.

"Watu gani?"

"Sisi. Wenye kukaa kwa huo udongo."

"Rongai kuna mashamba. Wazungu wanatafuta vibarua kila siku."

Mwanamke mmoja akatema mate. Mwingine akaokota jiwe. Naapa kwamba lingerushwa, na naapa kwamba mimi nisingeandika jina la aliyelirusha, lakini hapo hapo honi ikalia.

Bwana Nyumba amefika.

Ndivyo tulivyomwita yule Mzungu mrefu mwenye kaptura aliyesimamia nyumba za Waafrika. Alikuja na Landrova, na nyuma yake lori la askari, lile linalozunguka kukusanya watu wasio na pasi tangu hali ya hatari ilipotangazwa. Pembeni yake alikaa Mzee Obeid, mkubwa wa wazee wa lokesheni yetu ya Waafrika, fimbo magotini.

"Jambo," Bwana Nyumba akasema, akiwa hana nafasi ya kungoja jawabu. "Leo mimi naandika nyumba ya mawe. Hii moja tu nakwisha. Nani mwenyewe?"

"Mimi!" akasema Alamin.

"Mimi!" akasema Bi Kuluthum.

Bwana Nyumba akapumua kwa hasira. "Kiwanja iko jina ya mtu amekufa. Mimi nataka jua nani najenga. Yeye tu. Mzee, sema."

Mzee Obeid akashuka polepole. Alimtazama Bi Kuluthum kwa huruma, na huruma ya mzee huyu, nakwambia, haijamsaidia mtu hata siku moja.

"Desturi yetu inajulikana," akasema. "Nani alichinja mbuzi wa paa?"

Mzee akawageukia watu.

"Nauliza tena. Nani alichinja?"

"Alamin," akajibu mtu nyuma, kwa sauti ndogo. Kisha mwingine. Ukweli mwingine ni mchungu kuusema, lakini nani angesema uongo mbele ya mzee na mtaa mzima?

"Nilimpa kisu mimi!" Bi Kuluthum akalia. "Mbuzi wangu, kisu changu, nyumba yangu! Mzee Obeid, wewe mwenyewe ulikula kile kiuno!"

"Nilikula, mwanangu. Lakini jina nililosikia likigongwa ni la Alamin."

"Basi mwite fundi! Mwite Naftaly! Yeye ndiye alijenga kutoka chini, atasema alimjengea nani!"

Naftaly Kang'ethe alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji. Alikuwa amekuja kuchukua mwiko wake na pimamaji, akakuta mlango umefungwa, kisha akaona lori la askari akachutama pale. Alikuwa Mkikuyu wa Dundori. Pasi yake ilimruhusu kukaa shamba la Mzungu wake kule juu, kwenye viazi, na wala haikumruhusu kuonekana mjini. Alamin alijua. Alamin ndiye aliyemleta mjini na kumlaza stoo kwake miezi yote ile, akamwambia, "Ukiwa na mimi hakuna atakayekugusa."

Wakamvuta mbele.

"Naftaly," akasema Bi Kuluthum, na sauti yake ikawa ya mama anayemsemesha mwanawe. "Nani alikupikia chai kila asubuhi? Nani alikuonyesha kila chumba kikae wapi? Waambie."

Naftaly akamtazama Alamin. Alamin akamtazama yeye, kisha akageuza macho taratibu kuelekea kwenye lori.

"Aliniita kazi ni Bwana Alamin," akasema Naftaly.

"Naftaly!"

"Mimi sijui mambo ingine, mama. Mimi nilijenga tu."

Bi Kuluthum akakaa chini, pale pale mavumbini, na buibui lake jipya. Iliniuma. Mtu akinyang'anywa na mwizi atapiga kelele, lakini akinyang'anywa na mtu aliyemlisha hana la kusema.

"Basi," akasema Bwana Nyumba, akitoa kalamu. "Alamin. Mimi naandika—"

"Wewe," askari mmoja akamkatiza, akimshika Naftaly shingoni. "Pasi."

Naftaly akampa. Askari akaisoma, akacheka. "Dundori! Hii ni Dundori? Unafanya nini hapa?"

"Bwana Alamin atasema. Bwana Alamin, waambie mimi ni mtu wako."

Alamin akajikung'uta vumbi kwenye koti.

"Mimi simjui huyu," akasema. "Nimemwona tu akipita."

Sasa hivi tu alikuwa shahidi wake! Hata askari alishangaa. Lakini alimburuta vivyo hivyo, akamrusha ndani ya lori kama gunia, na Naftaly akakaa kule na kichwa katikati ya magoti.

Mngedhani yamekwisha. Alamin alidhani hivyo. Alikuwa amekwisha nyoosha mkono apewe pongezi.

Lakini Bwana Nyumba hakuupokea ule mkono. Alikuwa akitazama chini. Alikuwa ametoa utepe wake wa kupimia, akaushika ukutani, akauvuta mpaka ukingo wa baraza, akausoma, na uso wake ukaanza kuwa mwekundu kutoka shingoni kwenda juu.

"Hii nini?"

"Baraza, Bwana," akasema Alamin kwa fahari. "Ya kukalia."

"Iko kwa plani?"

Alamin akaurudisha mkono mfukoni.

"Mimi nauliza, iko kwa plani? Hapa barabara napita! Mtaa mpya nakuja, lori nakuja, bomba ya maji nakuja, na wewe naweka kiti katikati ya barabara! Wewe kontrakta! Wewe najua sheria kushinda hawa wote!" Alikuwa anapiga baraza kwa kiatu. "Kila mji nasumbua mimi na hii mambo. Nairobi najenga sawasawa. Kisumu najenga sawasawa. Nakuru, kila mtu najenga vile nataka! Sikia. Mwenye nyumba hii navunja sheria. Kama yeye ni kontrakta, mimi nafuta yeye. Kazi ya mtaa mpya, kwisha. Leo!"

Nani aliyekuwa mfupi sasa? Alamin alishuka kutoka kwenye lile baraza kama ambaye amekanyaga kaa la moto.

"Bwana, ngoja. Ngoja kidogo. Kuna makosa."

"Makosa gani? Wewe nasema nyumba yako."

"Si yangu, Bwana. Ni ya shemeji yangu. Mimi nilimsaidia tu kuchinja."

Bondeni ililipuka. Watu walishikana mabega kwa kicheko. Khadijo alipiga kigelegele kirefu kilichowatoa hata wagonjwa ndani. Na Bi Kuluthum akainuka kutoka mavumbini, akajifunga buibui vizuri, akamsogelea Alamin hadi wakakaribia kugusana pua.

"Umesema si yako?"

"Si yangu."

"Mimi neno lako moja silitaki. Umetuzoesha kuligeuka. Utaiacha nyumba hii kama mwanamume anavyomwacha mke. Mara tatu, mbele ya Mzee Obeid, ili kesho usije ukarudi."

"Wewe mwanamke umepata wazimu!"

"Basi ni yako. Bwana Nyumba, mwandike!"

Bwana Nyumba akaishusha kalamu kwenye karatasi. Alamin akaitazama ile kalamu, akatazama upande wa barabara ya Nairobi ambako nyumba zake safu kwa safu zilikuwa zinamngoja.

"Nimeiacha," akasema.

"Sema kwa sauti."

"Nimeiacha! Nimeiacha nyumba hii, nimeiacha!"

"Hiyo ni talaka kamili," akasema Mzee Obeid. "Hakuna kurejea."

Alamin akautupa ufunguo chini miguuni pa Bi Kuluthum, akaondoka bila kuaga. Watu wakampisha njia, na kila mmoja akamfukuza na neno lake.

Khadijo ndiye aliyeuokota ufunguo. Mlango ukafunguliwa. Wanawake wakaingia na sinia la wali, wakaingia na watoto wao mgongoni, wakaanza kuimba na kupiga vishindo ukumbini kuifungua nyumba kwa furaha. Bi Kuluthum alitaka kuwafuata.

"Wewe mama, ngoja," akasema Bwana Nyumba. "Nyumba yako?"

"Yangu."

"Vunja hii baraza. Sasa. Mimi naona kwa macho, halafu naandika jina yako. Hakuna vunja, hakuna andika."

Akampa nyundo kubwa kutoka kwenye Landrova.

Nilimwonea uchungu mama huyu. Baraza ndilo alilolitaka kuliko vyumba vyote sita. Alikuwa amekwisha waambia majirani nani atakaa upande gani jioni, nani ataleta kahawa. Lakini alikunja mikono ya kanzu. Akavuta pumzi, akainua nyundo, akapiga pigo moja kwa nguvu zake zote, akitazamia jiwe limrudishie nyundo usoni.

Jiwe halikuirudisha. Baraza zima lilifunguka. Mawe yakateleza moja moja yakalala chini, na katikati yake pakamwagika vumbi jekundu.

Bi Kuluthum akainama, akalichota. Akalisugua vidoleni. Alikuwa amekaa katika nyumba ya udongo maisha yake yote na aliujua udongo. Hapakuwa na saruji hata chembe. Aliyekuwa akimbebea kwa gari lake mifuko ya saruji aliyoinunua, huku akisema ni hisani ya ndugu, alikuwa Alamin. Na mikono iliyojenga baraza ndiyo iliyojenga kuta, kwa mifuko ile ile.

Akainua macho akautazama ukuta. Ndani wanawake walikuwa wanaimba kwa nguvu zaidi, wanaruka, na juu ya mlango chokaa mpya ilikuwa imeanza kufanya mstari mwembamba wa ufa.

Bwana Nyumba alikuwa ameshapanda Landrova. Alikuwa ameona baraza limeanguka, na hilo ndilo alilolitaka. Kalamu ilikuwa mkononi, jina la Bi Kuluthum lilikuwa linangoja kuandikwa. Angenyamaza, nyumba ilikuwa yake. Angenyamaza kidogo tu.

"Tokeni!" Bi Kuluthum akapiga kelele. "Khadijo, watoe watoto! Tokeni nje nyote, ukuta si ukuta!"

Wakatoka wakisukumana, sinia likapinduka, wali ukamwagika kizingitini. Mtoto wa mwisho alipovuka mlango, kipande cha lipu kikaanguka nyuma yake, na chini ya lipu pakaonekana udongo mwekundu kati ya mawe, kutoka juu hadi chini.

Bwana Nyumba alishuka. Alitembea mpaka ukutani, akachomeka kidole kati ya mawe mawili, na kidole kikaingia chote.

"Nje mawe, ndani matope," akasema polepole. "Hii nyumba ya kuua watu. Nani mwenyewe?"

Khadijo aliutazama mchanga. Mzee Obeid aliitazama fimbo yake. Mbele yao wote Alamin alikuwa ameiacha nyumba mara tatu, na mbele yao wote mwanamke mmoja alikuwa ameidai.

"Yangu," akasema Bi Kuluthum.

"Kesho mimi navunja hii kwanza, kabla ya zote za udongo. Na wewe nadanganya serikali. Askari! Chukua yeye."

Hawakumshika kwa nguvu. Alipanda lori mwenyewe, na watu wa Bondeni walikuwa wakipiga kelele, wakilia, wakiwatukana askari, wakilitukana jina la Alamin, mpaka mlango wa nyuma ukapigwa komeo na gari likaanza kwenda.

Kule ndani alikaa akitazamana na Naftaly. Alikuwa na vumbi jekundu mkononi bado, akalirusha usoni mwa fundi yule, na Naftaly hakujifuta.

"Nipige, mama," akasema Naftaly. "Lakini kwanza nisikize. Saruji yako mimi najua ilienda wapi. Na ndani ya hiyo nyumba ingine Bwana Alamin aliipeleka, sasa hivi kuna watu wanalala, na huko pia saruji haikutosha."